Kufundisha Simu ya Dharura kwa Njia ya Mkalimani wa Lugha ya Alama

Utangulizi

Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole, jijini London, ilishika moto na wanawake watano wakapoteza maisha. Jirani aliyeuona moto huo alipiga simu kuomba zimamoto, lakini simu yake ilibaki katika foleni pamoja na simu za salamu na za biashara. Jirani huyo aliandika gazetini kueleza yaliyomkuta, uchunguzi ukafanywa, na tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kutumika katika jiji hilo. Tangu hapo nchi nyingi zimejiwekea namba fupi za kuombea msaada. Tanzania ina 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Kenya hutumia 999 na 112.

Namba hizo, hata hivyo, ziliwekwa kwa ajili ya mtu anayesikia na kusema. Viziwi wa Uingereza, ambao lugha yao ni ya mikono, uso na macho, walipata njia ya kupiga 999 kwa lugha yao wenyewe tarehe 17 Juni 2022, yaani karibu miaka 85 baadaye. Njia hiyo ni simu ya picha yenye mkalimani katikati.

Makala haya yana madhumuni matatu: kwanza, kueleza jinsi mazungumzo ya dharura yanavyokwenda kwa njia ya mkalimani, pili, kuonyesha mwalimu anaweza kujifunza nini humo kuhusu ufundishaji wake wa kila siku, na tatu, kutoa mfano wa somo ambalo mwanachuo anaweza kulijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Kwa nini jambo hili limhusu mwalimu wa shule ya msingi

Huenda mwanachuo akasema, "Mimi sitapangiwa shule ya viziwi, yanihusu nini haya?" Jibu ni kwamba darasa lolote la kawaida laweza kuwa na mmoja wa watoto watatu wafuatao.

Wa kwanza ni mtoto kiziwi, au asiyesikia vizuri, aliyeandikishwa katika shule iliyo karibu na kwao. Wa pili ni mtoto anayesikia lakini wazazi wake ni viziwi. Huyu mara nyingi hatambuliwi na mwalimu hata mwaka mzima, kwa kuwa yeye mwenyewe hana shida yoyote ya kusikia. Wa tatu ni mtoto asiye na kiziwi nyumbani, lakini jirani yake, fundi wa mtaani kwao au mama muuza mboga ni kiziwi, na siku moja msaada wa huyo mtu utategemea kama mtoto huyu anajua la kufanya.

Mtoto wa pili ndiye anayestahili kufikiriwa zaidi. Baba akianguka usiku, mama kiziwi humtazama mtoto, na mtoto wa miaka tisa hushika simu. Ni yeye atakayetamka kwa kinywa chake kwamba baba hapumui, na ni yeye atakayempelekea mama yake jibu la mtu wa upande wa pili. Mzigo huo ni mzito mno kwa mtoto. Huduma ya mkalimani wa simu ilianzishwa, pamoja na sababu nyinginezo, ili mtoto abaki kuwa mtoto.

Historia fupi

Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake na mke wake walikuwa viziwi. Hata hivyo chombo alichokitoa kiliwafungia viziwi mlango kwa muda mrefu. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa California, alitengeneza kifaa kilichogeuza maandishi ya teleprinta kuwa milio inayoweza kupita katika waya wa simu na kugeuzwa tena kuwa maandishi upande wa pili. Kiziwi akaanza kuandikiana na mwenziwe mwenye mtambo kama huo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu iliyataka makampuni ya simu, kuanzia Julai 1993, yawe na huduma ya mtu wa kati atakayesoma maandishi ya kiziwi kwa sauti na kuandika majibu. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini kwa viziwi wengi maandishi ni lugha ya pili, na kuandika huchukua muda. Simu za picha zilipopatikana, mkalimani wa lugha ya alama aliweza kuingia badala ya mwandishi.

Tatizo moja lilijitokeza mapema. Mtu anayesikia akipiga simu ya dharura, kituo huweza kujua simu inatoka wapi. Lakini simu ya kiziwi hupitia kwanza kwa mkalimani, ambaye huenda amekaa mji mwingine kabisa. Msaada ungeweza kupelekwa kwa mkalimani, wala si kwa mgonjwa! Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa mwaka 2008, watumiaji wa huduma hiyo nchini Marekani walianza kupewa namba zao za kawaida za simu na kuandikisha anwani zao, ili kituo kinachofaa kipate habari.

Ni vema mwanachuo akumbuke pia kwamba lugha ya alama si moja duniani. Uingereza na Marekani husema Kiingereza, lakini lugha zao za alama ni mbali mbali: Waingereza huendeleza herufi kwa mikono miwili, Wamarekani kwa mkono mmoja. Hali kadhalika Tanzania, Kenya na Uganda zina lugha zao. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zimezitaja lugha za alama. Tena katika Kenya lugha hiyo ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Mazungumzo ya watu watatu

Katika simu hii kuna mpiga simu kiziwi, mkalimani, na mpokea simu wa kituo cha dharura. Kiziwi na mkalimani huonana kwa picha. Mkalimani na mpokea simu husikilizana kwa sauti. Kiziwi na mpokea simu hawaonani wala hawasikilizani. Kila neno, basi, hupita katika mlango mmoja. Mambo sita yafuatayo huamua kama mlango huo utakuwa wazi.

1. Mahali kwanza. Simu yaweza kukatika wakati wowote. Anayejua mahali aweza kutuma msaada hata kama hajui kilichotokea. Anayejua kilichotokea bila kujua mahali hawezi kitu.

2. Nafsi ya kwanza. Mkalimani hujitambulisha mara moja: "Mimi ni mkalimani, namfasiria mpiga simu kiziwi." Baada ya hapo husema kwa nafsi ya mpiga simu: "Nyumba yangu inaungua, mtoto wangu yumo ndani." Hasemi, "Anasema nyumba yake inaungua." Neno "anasema" huzua maswali: nani anasema? Nyumba ya nani? Mkalimani akiwa na neno lake mwenyewe, hutangaza kwamba sasa asemaye ni mkalimani.

3. Kushoto na kulia. Mwenye kutumia lugha ya alama huchora mahali hewani: barabara inapita hapa, kisima kiko huku, nyumba iko kule. Huchora kwa jinsi yeye anavyoona. Mkalimani aliye mbele yake huona kinyume; kushoto kwa mpiga simu ni kulia kwake. Mkalimani asiyegeuza picha hiyo kichwani mwake atapeleka gari upande usiopaswa.

4. Macho hayafanyi kazi mbili. Mtu anayesikia huweza kuiweka simu sakafuni, akakandamiza kifua cha mgonjwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mpokea simu akimhesabia kwa sauti. Kiziwi hawezi kutazama kifua na kioo cha simu kwa wakati mmoja. Maelezo humjia kwa zamu: kwanza atazame, kisha atende, kisha atazame tena. Mkalimani huonyesha mwendo kwa mikono yake kabla kazi haijaanza, na simu huwekwa mahali ambapo jicho litaiona bila kuhama sana.

5. Kimya si simu kukatika. Mkalimani hupaswa kusikia, kuelewa, kisha kufasiri. Kwa sekunde chache upande mmoja hausikii kitu. Mpokea simu asiyezoea hudhani mpiga simu ameondoka, naye huuliza swali jingine juu ya lile la kwanza. Maswali mawili yakigongana, yote hupotea.

6. Mwanga na mikono. Gizani lugha ya alama haipo. Mkono ulioshika simu hauwezi kusema. Mpiga simu hana budi kwenda penye mwanga, kuegemeza simu na kuacha mikono yote miwili huru, na uso wake uonekane, kwa kuwa nyusi na kinywa ni sehemu ya sarufi ya lugha hiyo.

Mwalimu akilitafakari jambo la nne ataona linamhusu moja kwa moja. Ni mara ngapi tunasema huku tukiandika ubaoni, migongo yetu ikiwa kwa watoto? Ni mara ngapi tunatoa maelezo huku watoto wameinama wakinakili? Mtoto kiziwi hapo amechaguzwa: atazame daftari au atazame midomo na mikono. Mwalimu anayefuata utaratibu wa "tazama, tenda, tazama" atamsaidia mtoto huyo, na atashangaa kuona hata wanaosikia wameelewa zaidi.

Kujua alama si kuwa mkalimani

Mwezi wa Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida, viongozi wa kaunti ya Manatee walitoa matangazo ya hatari kwa njia ya televisheni. Aliyesimamishwa kufasiri alikuwa mtumishi wa kaunti ambaye alijua alama kiasi kwa kuwa ana ndugu kiziwi. Viziwi waliotazama walilalamika kwamba mengi waliyoyaona hayakuwa na maana, na mengine yalikuwa maneno yasiyohusiana kabisa na kimbunga. Mtu huyo hakuwa na nia mbaya. Kosa lilikuwa la wale waliodhani kwamba kujua alama chache kunatosha wakati wa hatari.

Mwanachuo achukue onyo hapa. Somo linalofuata halimfanyi mtoto kuwa mkalimani, wala halimfanyi mwalimu kuwa mkalimani. Linawafunza watoto kuelewa kazi ya mkalimani na kujua wajibu wa kila mmoja.

Somo la mfano

Darasa: la Tano. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Lengo: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kueleza, kwa sauti, kwa alama au kwa maandishi, mahali alipo, kilichotokea na nani ameumia, na aweze kumsubiri mwenziwe amalize kabla ya kujibu.

Vifaa: kanga moja na kamba, fremu ya mbao au ya boksi mfano wa kioo cha simu, kadi nne za matukio (moto jikoni, mtoto aliyeanguka mtini, mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mafuriko), karatasi na penseli. Simu halisi isitumike. Mtoto akiipiga namba ya dharura kwa mazoezi, huenda anamzuilia njia mtu anayekufa.

Maandalizi: Mwalimu asibuni alama zake mwenyewe. Amwalike mtu mzima kiziwi wa mahali hapo, au mwalimu wa kitengo cha viziwi, afundishe alama za msingi: moto, damu, kuanguka, kupumua, msaada, wapi, nani. Ikiwa darasani yupo mwanafunzi kiziwi, amsaidie mgeni kufundisha na kuwasahihisha wenzake. Siku hiyo yeye ndiye ajuaye, na darasa lione hivyo.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwalimu aeleze kisa cha moto wa mtaa wa Wimpole, kisha aulize: "Kama jirani yule angekuwa kiziwi, angefanya nini?" Awaache watoto wafikiri. Asikimbilie kuwapa jibu.

Hatua ya pili (dakika 20). Watoto wajifunze alama zile kwa vitendo, wawili wawili, wakitazamana.

Hatua ya tatu (dakika 30). Kanga itundikwe kwenye kamba. Upande mmoja akae mpokea simu na karatasi yake. Upande wa pili mkalimani, na mbele yake, nyuma ya fremu, mpiga simu. Mpiga simu atoe habari ya kadi kwa alama na kwa kuchora hewani. Mkalimani aseme kwa sauti. Mpokea simu, asiyemwona yeyote, achore ramani ya mahali kufuatana na anayoyasikia. Majibu na maswali yake yarudi kwa njia ile ile. Kisha wabadilishane nafasi.

Katika darasa la viziwi watupu, mwalimu na msaidizi wake wachukue nafasi za mkalimani na mpokea simu, na watoto wote wawe wapiga simu kwa zamu.

Hatua ya nne (dakika 20). Kanga iondolewe, ramani zilinganishwe na kadi. Darasa lijadili: habari ilipotea wapi?

Makosa yaliyoonekana

Nimepata kulitazama somo hili likifundishwa na wanachuo mara kadhaa. Mara moja mtoto aliyekuwa mkalimani alisahau kugeuza kushoto na kulia. Mpokea simu akachora gari la zimamoto likielekea msikitini, hali nyumba iliyokuwa ikiungua ilikuwa upande wa kisima. Darasa likacheka, lakini mtoto kiziwi aliyekuwa mpiga simu hakucheka. Akaandika ubaoni: "Nyumba imeisha." Kicheko kikakoma, na sidhani yupo aliyelisahau funzo lile.

Kosa la pili ni la wanachuo wenyewe: kumpa mwanafunzi kiziwi nafasi ya mgonjwa kila mara, alale tu huku wengine wakimwokoa. Huko ni kufundisha kwamba kiziwi ni wa kuhurumiwa. Kiziwi naye aweza kuwa ndiye aliyeuona moto kwanza.

Kosa la tatu ni kumwita mbele mtoto mwenye wazazi viziwi na kumtaka asimulie ya nyumbani kwao. Mwalimu asifanye hivyo kamwe. Akitaka kusema, atasema mwenyewe, na pengine kwa faragha.

Upimaji

Mwalimu asipime wingi wa alama alizokariri mtoto. Apime mambo matatu: je, mahali palitajwa kwanza? Je, ramani ya mpokea simu yafanana na kadi? Je, kila mmoja alisubiri zamu yake? Mtoto aliyetimiza hayo amefaulu hata kama alijua alama tano tu.

Mahali pasipo na mkalimani

Vijiji vyetu vingi havina mkalimani wa simu wa kuitwa usiku. Mwalimu asiwafundishe watoto kutegemea kitu ambacho hawatakipata, wala asiwaache mikono mitupu. Kila mtoto mwenye kiziwi nyumbani aandikiwe kadi ya kubandika ukutani, yenye maneno haya: jina la kijiji au mtaa, alama ya kujulikana iliyo karibu (shule, kisima, zahanati), namba za dharura, na sentensi moja: "Katika nyumba hii yupo kiziwi, njooni na taa." Kadi hiyo mtu yeyote aweza kuisoma kwa niaba ya kiziwi, au kiziwi mwenyewe akampa mpita njia. Familia ipatane pia na jirani wawili watakaogongewa mlango, na wapatane namna ya kugonga na alama ya kila hatari.

Mtoto anayesikia afundishwe wajibu wake na mpaka wake. Wajibu wake ni kutaja mahali, kusema yupo kiziwi, na kumwita mtu mzima. Mtu mzima akifika, mtoto amekwisha kutimiza kazi yake. Aambiwe waziwazi, na arudiwe kuambiwa, kwamba lolote litakalotokea baada ya hapo si kosa lake. Mwalimu asilione neno hili kuwa dogo. Wapo watoto wanaolihitaji kuliko somo lolote la hesabu.

Hitimisho

Jirani wa mtaa wa Wimpole alikuwa na simu, sauti na masikio, na bado msaada ulichelewa kwa kuwa hakukuwa na njia iliyotengwa. Kiziwi ana lugha kamili, ana macho na ana akili. Kinachopungua ni njia. Ukalimani wa simu ni njia mojawapo. Kanga iliyotundikwa darasani, kadi ukutani na jirani aliyefundishwa ni njia nyingine, na hizo zimo katika uwezo wa mwalimu wa shule ya msingi kuanzia wiki hii.

Maswali na kazi kwa wanachuo

1. Eleza kwa nini mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza. Toa mfano wa kosa litakalotokea asipofanya hivyo.

2. Simama mbele ya mwenzio, uchore hewani njia ya kutoka chuoni hadi zahanati iliyo karibu. Mwenzio aieleze kwa maneno. Alikosea wapi, na kwa nini?

3. Chunguza somo lako moja la wiki iliyopita. Ni mara ngapi ulisema huku watoto wakiwa hawawezi kukutazama? Liandike upya andalio la somo hilo kwa utaratibu wa "tazama, tenda, tazama".

4. Mwanafunzi wako anayesikia amekueleza kwamba yeye ndiye hupiga simu zote za wazazi wake viziwi. Jadilianeni: mwalimu amsaidieje bila kumwaibisha yeye wala wazazi wake?